Mmeanzia sentensi katikati

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu ujana wangu bila kukuandikia hata mara moja. Makala yenu ya Jumapili kuhusu bunduki za Marekani imenishinda. Mwandishi wenu anasema waasisi wa taifa lile walimpa kila raia silaha ili siku serikali ikimuudhi, aipindue. Kaipata wapi hiyo?

Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, ya 1791, ni sentensi moja tu. Inaanza na mgambo wenye nidhamu, kwamba bila huo dola huru haina usalama, ndipo inapokuja haki ya watu kuwa na silaha. Mwandishi kaanzia katikati. Mwaka uliofuata Bunge lao likatunga sheria: kila mwanamume mzungu mwenye afya, wa kati ya miaka 18 na 45, aandikishwe katika mgambo, ajinunulie gobori, singe na risasi, na akiitwa aitike. Mzungu, Mhariri! Mweusi hakuwamo, na huko Kusini doria za kusaka watumwa zilitokana na mgambo huohuo. Halafu 1794 wakulima wa magharibi ya Pennsylvania walipobeba silaha kupinga ushuru wa pombe, Rais George Washington hakuwapongeza kwa kutumia haki yao. Aliita mgambo wa majimbo manne, akapanda farasi mwenyewe kwenda kuwazima. Haki ya mtu binafsi kuwa na bunduki nyumbani kwake, awe mgambo asiwe, Mahakama ya Juu iliitamka waziwazi mwaka 2008 katika kesi ya Heller, kwa kura 5 dhidi ya 4, na hata Jaji Antonin Scalia aliyeandika hukumu hiyo alisema ina mipaka. Wanahistoria bado wanabishana juu ya maana ya sentensi ile. Nyinyi mmeshamaliza!

Jumatatu kijiweni kwetu kijana mmoja aliisoma makala yenu kwa sauti, kahawa mkononi. Nilipofungua mdomo kumtajia mgambo, alinikata: “Mzee, unabishana na gazeti?” Wote wakacheka, hata muuza kahawa. Nimefundisha historia hadi nikastaafu, nikanyamazishwa na aya moja ambayo naamini ilinyofolewa mahali usiku wa manane.

Na habari za nje siku hizi mmezibana nusu ukurasa, karibu na matangazo ya vifo, ilhali mikeka ya kubeti ina kurasa mbili za rangi. Timu za Finland nazijua kwa majina sasa, shauri yenu.

Ombi langu ni dogo. Ondoeni mechi moja ya Finland kwenye mkeka wa Jumamosi, mahali pake mchape sentensi ile ya 1791 kuanzia neno la kwanza, kwa herufi nene, wiki nne mfululizo. Mkiona nafasi haitoshi, ondoeni mbili.

Mwalimu mstaafu wa Historia,
Tanga