Wageni wa Kalenga waanze na ngome, fuvu lije mwisho

Mhariri,

Shule nyingi za Nyanda za Juu Kusini huleta wanafunzi Kalenga, karibu na Iringa mjini, na ziara karibu zote huenda hivi: kosta inaegeshwa mlangoni, watoto wanaingia makumbusho, wanalitazama fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani na ambaye ngome yake ilikuwa hapa, wanapiga picha, wanaondoka. Wamefika kwenye ngome na ngome hawajaiona.

Uingereza kuna ngome ya Bodiam, iliyopata kibali cha kujengwa mwaka 1385. Ndani ni gofu lisilo na paa. Lakini imezungukwa na handaki pana la maji, kwa hiyo mgeni huliona handaki na kuta kabla hajafika langoni, na anaelewa mara moja kwa nini adui alipata shida. Kalenga hakuna handaki la namna hiyo. Kulikuwa na ukuta wa mawe na udongo, na mto Ruaha Mdogo kando yake, na kilichobaki ni kidogo. Ndiyo maana hapa maelezo ya nje yanahitajika zaidi.

Kwa walimu, napendekeza mpango huu. Anzieni Boma la Iringa mjini, jengo la enzi ya Wajerumani ambalo tangu mwaka 2016 ni makumbusho. Saa moja inatosha. Kisha shikeni barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, kama kilomita 15 hadi Kalenga. Mkishuka, msiingie ndani kwanza. Mwombeni mhifadhi awaonyeshe mto na mahali ukuta ulipopita. Hapo ndipo pa kueleza kwamba ukuta ule uliweza kumzuia adui wa mikuki na bunduki za kawaida, ila haukujengwa kustahimili mizinga. Simulizi za wenyeji husema mizinga ilipigwa kutoka upande wa Tosamaganga; wageuzeni wanafunzi watazame huko. Ngome iliangukia mikononi mwa Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894.

Chumba cha maonyesho ni kidogo. Wanafunzi 40 wakiingia pamoja, walio nyuma wanaona migongo tu. Wagaweni kumi na tano kumi na tano, wengine wakisubiri kwenye makaburi ya Chifu Sapi, mwana wa Mkwawa, na mwanawe Adam Sapi, Spika wa kwanza Mwafrika wa Bunge letu. Fuvu liwe la mwisho. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia, uliitaka Ujerumani ilirudishe ndani ya miezi sita, lilirudi 1954. Mtoto aliyekwisha kuuona mto na ukuta ataelewa uzito wa miaka hiyo 35.

Kosa linalojirudia kwenye madaftari ni kudhani Mkwawa alifia Kalenga. Zelewski, kamanda wa Wajerumani, aliuawa na Wahehe huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Kalenga ilivunjwa 1894, Mkwawa akatoroka na kuendelea kupigana msituni kwa karibu miaka minne, hadi alipojiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Kaburi la mwili wake liko Mlambalasi, kama kilomita 50 kutoka mjini. Msilichanganye na Kalenga kwa siku moja wakati wa masika; pitieni kiangazi, Juni hadi Oktoba.

Jambo linaloniuma zaidi ni mabaki yenyewe. Ukuta wa udongo huanza kufa juu na chini: mvua inapenya kileleni, maji yanayotuama msingini yanaulainisha, kisha mizizi na kwato zinamalizia. Tusijaribu kuuokoa kwa plasta ya saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, udongo nyuma yake unageuka unga, na plasta inadondoka na kipande cha ukuta. Kinachofaa ni udongo wa aina ileile, nyasi fupi kileleni, na mfereji mdogo wa kuyatoa maji msingini. Mchanganyiko ujaribiwe kwanza kwenye kipande kidogo, upite msimu mmoja wa mvua, ndipo kazi iendelee.

Naiomba Halmashauri na wasimamizi wa mambo ya kale wafanye kazi moja kabla ya mvua za Novemba: mstari wa ukuta upimwe pamoja na wazee wa Kalenga, uwekewe mawe yaliyopakwa chokaa kila baada ya mita 20, na wenye mashamba waombwe wasilime ndani ya mita tatu za mstari huo.

Mwalimu wa Historia,
Iringa