Barua ya wazi kwa watangazaji wetu wa Unguja na Pemba

Assalamu alaykum wanangu,

Nakuandikieni nyinyi mnaosoma habari, mnaoendesha vipindi na mnaopokea simu za wasikilizaji. Mimi ni mzee wa Wete, nimesomesha Kiswahili skuli mpaka nikastaafu, na redio kwangu haizimwi ila wakati wa sala. Naona mambo mawili mmeyachanganya: kutamka vibaya, na kutamka kama watu wa kwenu. La kwanza ni kosa la kazi. La pili si kosa hata kidogo.

Mtangazaji lazima azitofautishe dh na z, th na s, gh na g. Mkisema "samani ya nyumba" hatujui kama ni bei yake au ni makochi na makabati yaliyomo ndani. Na pahala panaponitia uchungu khasa ni kwenye matangazo ya vifo. Hapa visiwani tangazo la kifo husikilizwa kuliko taarifa ya habari. Mtu huweka kikombe chini, akawanyamazisha watoto, akasikiliza jina, kijiji na saa ya maziko. Sasa marehemu ni Bi Fadhila, nyinyi mnamwita Fazila. Anazikwa Ng'ombeni, mnasoma kwa ng ya ngoma. Baada ya sala ya adhuhuri, mnasema "azuhuri". Na wafiwa wapo, wanasikiliza. Mpigieni simu aliyeleta tangazo, mumuulize jina linatamkwaje. Haichukui hata dakika mbili.

Tena karatasi haikwambiini kila kitu. Paa la nyumba na paa wa mwituni huandikwa sawasawa, lakini sisi tukimtaja mnyama p hutoka na pumzi. Kadhalika kaa la moto na kaa wa baharini. Maandishi sanifu hayakuiwekea alama pumzi hiyo. Aliyejifunza lugha kwa kusoma tu hawezi kuijua; huijua aliyeisikia kwa bibi yake. Ndiyo maana nashangaa kuona mnauonea haya ule mdomo mliolelewa nao, na ndio uliokufunzeni mambo ambayo kitabu hakina.

Hivi karibuni kulikuwa na kipindi cha simu kuhusu bei ya mwani. Akapiga mama mmoja wa upande wa Micheweni, mkulima wa mwani. Alieleza vizuri sana: mwani ukinyeshewa ukiwa umeanikwa huharibika, mnunuzi huushusha bei, na wao hawana banda la kuanikia. Mtangazaji badala ya kumjibu akayarudia maneno yake, akavuta sauti kama alivyoivuta yule mama, na mtangazaji mwenzake akaangua kicheko. Yule mama akasema, "Haya mwanangu, ahsante," akakata simu. Tulikuwa barazani watu wazima watupu, na hakuna aliyecheka. Swali la bei likaishia hapo. Na huyo mtangazaji ni mtoto wa Pemba. Siku akighadhibika hewani lafudhi yake humponyoka, tukaisikia, na wallahi ndiyo inayompendeza.

Najua mtaniambia redio inataka Kiswahili sanifu. Ni kweli, na mimi nimekisomesha miaka yote. Lakini jueni kimetoka wapi. Mwaka 1928, wakati wa ukoloni, kulifanyika mkutano Mombasa, kikachaguliwa Kiunguja cha mjini kiwe msingi wa lugha ya vitabu, Kimvita, lahaja ya Mombasa, kikaachwa. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuisimamia kazi hiyo kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Walikuwa wanatafuta tahajia moja na vitabu vya skuli. Hawakukaa kupima nani anasema vizuri na nani anasema vibaya. Mwaka huo huo wa 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa shamba aliyekuja mjini na kuuza vyungu, alipanda meli kwenda Bombay kurikodi santuri, na pwani nzima ikamsikiliza.

Basi shikeni sarufi na msamiati wa sanifu mnaposoma habari. Kituo kikitaka mseme "mwingine" na sisi tumezoea "mwengine", semeni, hilo halinisumbui. Mahadhi ya sauti yenu yaacheni kama yalivyo. Baraza la Kiswahili la Zanzibar limeshatoa kamusi za Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi. Wataalamu wamekwenda vijijini, wakakaa na wazee, wakaandika neno baada ya neno. Haifai nyinyi, wenye lugha hizo, ndio muwe wa kuzicheka.

Kuna na wale wanaoiga vituo vya muziki vya Dar es Salaam, maneno mbio mbio, nusu Kiingereza, sauti inapita puani. Kina mama wa mashamba hawafahamu mnachosema. Punguzeni mwendo.

Na msimcheke mwenzenu aliyetoka Bara. Akisema wananchi wamekwenda kupiga "kula", mvuteni pembeni kipindi kikimalizika, mkae naye, mumsomeshe r na l kwa upole mpaka azipate. Kuzaliwa Unguja hakukufanyeni wenye Kiswahili peke yenu.

Kwa wakuu wa vituo nina ombi moja. Vijana wa Konde, Nungwi, Tumbatu na Makunduchi mmewaajiri, lakini nawasikia kwenye vipindi vya uvuvi, kilimo na utenzi tu. Wafanyieni mazoezi ya matamshi kama wengine wote, kisha wapeni taarifa ya habari ya usiku waisome kwa sauti zao.

Wabillahi tawfiq.
Mzee wenu, Wete