Mgonjwa wa moyo asifungiwe kitini

Mhariri,

Katika familia zetu, mtu akishaambiwa kwamba moyo wake unashindwa kusukuma damu ipasavyo, jambo la kwanza analoandaliwa ni kiti. Hatumwi tena dukani, na akishika ufagio ananyang'anywa. Hofu hiyo naielewa, kwani hata madaktari kwa miaka mingi waliwaagiza wagonjwa hao wapumzike tu. Lakini madhara ambayo kukaa huko huuletea ubongo hayazungumzwi.

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ilhali hupokea asilimia 15 hadi 20 ya damu inayosukumwa na moyo mtu akiwa ametulia. Si ajabu, basi, kwamba wagonjwa wengi wa moyo hupungukiwa kumbukumbu, umakini na uwezo wa kupanga mambo. Marehemu mjomba wangu alikuwa akimeza vidonge vya kupunguza maji mara mbili asubuhi moja, kisha akavisahau siku tatu mfululizo hadi miguu ikavimba. Sisi tukasema ni uzee, ingawa hakuwa amefika miaka 60.

Watafiti nchini Marekani waliowapima wagonjwa wa aina hii waliona kwamba wenye pumzi zaidi ndio waliofanya vizuri zaidi katika majaribio ya akili. Uhusiano huo peke yake hauthibitishi kwamba mazoezi ndiyo yaliyowanoa, maana yawezekana aliyezidiwa na ugonjwa hupungukiwa vyote viwili kwa pamoja. Hata hivyo, utafiti mkubwa uitwao HF-ACTION, uliohusisha wagonjwa 2,331 na kuchapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa mazoezi yanayopangwa na kusimamiwa ni salama kwa wagonjwa ambao hali yao imetulia. Anayevimba au kukosa pumzi akilala ni habari nyingine, naye amwone daktari kwanza.

Ombi langu kwa kliniki zetu halihitaji mashine. Kipimo cha kutembea dakika 6, cha kuona mgonjwa anafika umbali gani, hutaka korido na saa tu, na maswali machache ya kumbukumbu hayachukui muda mrefu. Majibu yaandikwe kwenye kadi, na chini ya orodha ya dawa iongezwe idadi ya dakika ambazo mgonjwa atembee kila siku, ili sisi wa nyumbani tujue wakati wa kumwachia mlango wazi.

Msomaji wako,
Tanga