Kwa Hamadi, kabla hujatuma pesa ya Harrier

Malindi, Unguja
Jumapili jioni

Sahibu yangu Hamadi,

Assalaam alaykum. Natumai wewe, mama watoto na vijana hamjambo, na Bi Mkubwa miguu imepungua kumuuma. Huku sote wazima, alhamdulillah, masika tu ndiyo yametushika.

Picha za ile Toyota Harrier unayotaka kununua nimezipata. Ni nzuri, sikatai. Hiyo ya 2006 ndiyo wanayoiita tako la nyani, na kila ikishuka bandarini hapa watu huisogelea kuuliza bei. Lakini neno la muuzaji, kwamba "ina nyota tano za usalama", limenitia wasiwasi, kwa sababu najua utampakia nani humo. Ni mkeo, mama yako na watoto, Wete kwenda Mkoani na kurudi, kwenye vilima na kona unazozijua kuliko mimi. Basi nisikilize kabla hujatuma hata shilingi. Nyota hupewa gari mpya, ya mwaka wake na ya soko lake, ikiwa na vifaa vyake vyote. Inayokujia wewe ni gari moja iliyokwisha kutumika miaka, na hiyo hakuna aliyeipima.

Kwanza muulize: nyota za nani? Wamarekani wana zao, serikali yao huibamiza gari ukutani kwa mwendo wa kilomita 56 kwa saa, ikaigonga nyingine ubavuni, na ikakadiria hatari ya kupinduka. Japani wana JNCAP tangu 1995, Ulaya wana Euro NCAP tangu 1997. Kila mmoja ana mtihani wake, na mitihani huongezwa ugumu kila baada ya miaka. Hata hizo za Marekani za kugonga kwa mbele hulinganishwa baina ya gari zenye uzito unaokaribiana tu. Nyota tano za gari ndogo haziwi sawa na nyota tano za gari ya juu, yaani iliyoinuka kama Harrier, zikikutana uso kwa uso.

Nikupe mfano wa jinsi mtihani unavyofichua mambo. Mwaka 2012 taasisi ya usalama barabarani ya Marekani inayogharamiwa na kampuni za bima, IIHS, ilianza kuzigongesha gari kwa kona ya mbele tu, robo moja ya upana wake, kwa kilomita 64 kwa saa, kama gari inapovaa mti au nguzo. Mwaka 2014 wakazipima hivyo gari tisa za juu za ukubwa wa kati. Mbili tu ndizo zilizopata daraja la juu kabisa. Toyota Highlander, ambayo sisi kizazi chake cha mwanzo tunakijua kwa jina la Kluger, ilipata la pili. Honda Pilot ilianguka daraja la mwisho. Zote hizo zilikuwa gari za kisasa, na zilikuwa zinauzwa kwa sifa ya usalama. Harrier yako ya 2006 ilipotoka kiwandani mtihani huo haukuwepo.

Halafu kuna la upande. Mwaka 2016 IIHS hao hao walijaribu mtihani huo huo wa kona kwa upande wa abiria, wakakuta Toyota RAV4 ya 2015, iliyofanya vizuri kwa dereva, upande wa pili hali ni mbaya kabisa. Mtengenezaji alikuwa ameimarisha upande uliokuwa unapimwa. Hamadi, sisi usukani wetu uko kulia na wa Wamarekani uko kushoto, kwa hiyo matokeo yao hayakuambii upande upi wa gari yako ndio imara. Na anayekaa pembeni yako ni mama watoto.

Jambo jingine ni kwamba Harrier ya kizazi hicho ni pacha wa Lexus RX iliyouzwa Marekani, na wauzaji hupenda kuchukua sifa za Lexus wakaipachika Harrier. Bodi ni moja, vifaa si lazima viwe sawa. Gari nyingi za Japani za miaka ile, eabegi (mifuko ya hewa inayomkinga mtu kwenye ajali) za ubavuni na za pazia, zile zinazoshuka juu ya vioo, mnunuzi alikuwa akiziongezea pesa. Asiyetaka alipewa gari bila hizo. Mwambie muuzaji akupigie picha ubavu wa kiti cha mbele na nguzo za pembeni juu. Kama zipo, utaona maandishi SRS AIRBAG yameandikwa pale pale. Kama hakuna maandishi, hakuna eabegi.

Akupigie na video ya dashibodi anapofungua swichi kabla ya kuwasha injini. Taa ya eabegi lazima iwake sekunde chache, kisha izime. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa ndiyo mbaya zaidi, maana huenda kuna mtu ameichomoa ili usijue kwamba eabegi zilishafyatuka kwenye ajali na hazikurudishwa. Taa ya ABS (breki zisizokwamisha tairi) na ya VSC (kizuizi cha kuteleza) nazo ni hivyo hivyo. Na karatasi ya mnada, yenye ukaguzi wa gari ilipouzwa Japani, uidai, ile ya Kijapani yenyewe, si tafsiri yake. Ukiona daraja limeandikwa R au RA, gari hiyo iligongwa ikatengenezwa. Mimi kazi yangu ni kutoa gari bandarini, karatasi hizo nazisoma kila siku, kwa hiyo nitumie.

Kuhusu ile X-Trail ya 2004 uliyoiweka akiba, hapo ndipo ninapokuomba sana. Nissan X-Trail na Honda CR-V nyingi za miaka ile zilifungwa eabegi za kampuni ya Takata. Dawa ya kuzifyatua ilikuwa amoniamu naitreti, nayo huharibika ikikaa miaka kwenye joto na unyevunyevu. Siku ya ajali, badala ya mfuko kujaa tu, kopo lake la chuma hupasuka na vipande vikamrukia mtu usoni na shingoni. Marekani peke yake wamekufa zaidi ya watu 20, na Malaysia, nchi ya joto na unyevu kama yetu, nako watu wamezikwa. Watengenezaji waliziita gari zirudi wabadilishe bure, lakini si zote zilizorudi. Pemba hakuna siku hewa ikakauka! Namba ya chesisi inaangaliwa kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa Japani, inajibu kama imebadilishwa au bado. Kama bado, iache hata wakikupunguzia nusu ya bei.

Ukiniuliza ningechukua ipi, ningeacha viti vya ngozi na rimu za kung'aa, nitafute yenye VSC, ambayo Nissan na Subaru huiita VDC. Hiyo ndiyo inayoshika breki ya tairi moja moja gari inapoanza kuteleza kwenye kona yenye maji. Marekani wameilazimisha kwa gari zote mpya za abiria tangu 2012, na wamekuta inapunguza karibu nusu ya ajali za vifo za gari inayoacha njia peke yake. Gari ya juu inahitaji kitu hicho kuliko saluni, kwa kuwa uzito wake umekaa juu. Na msimu wa karafuu ukija, tafadhali usipandishe magunia kwenye keria. Yaweke ndani, chini.

Hizo mpya zenye kamera nyuma ya kioo, zinazojifunga breki zenyewe, ni nzuri, ila bei yake unaijua, na zimetengenezwa kutambua watu na magari. Usizitegemee kwa mbuzi wa Konde.

La mwisho, Harrier ina viti vitano, nanyi mko zaidi. Mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa, gari ikigonga kwa kilomita 50, anamvuta mama yake kwa nguvu ya kilo zaidi ya 100. Hakuna mikono inayomshika. Tafuta ya viti saba, kama Kluger au Vanguard, yenye mkanda kwa kila mmoja, na umwonyeshe fundi kama mikanda ya nyuma kabisa inavuta na kushika. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe mbele penye eabegi, hata kwa safari ya kumpeleka kliniki.

Nitumie namba za chesisi za zote mbili na karatasi za mnada leo au kesho. Muuzaji akikuharakisha kwamba kuna mteja mwingine, mwache ampe huyo.

Nisalimie Bi Mkubwa na vijana wote.

Wako,
Makame