Klorini pekee haitoshi kwa mwenye kinga ya chini

Mhariri,

Hapa Kisumu, mtu anayeishi na virusi vya ukimwi akiharisha, lawama ya kwanza huangukia ARV, dawa za kudhibiti virusi hivyo. Kama amebadilishiwa dawa majuzi, huenda ni kweli, na mara nyingi hali hiyo hutulia baada ya muda mfupi. Lakini kuhara kukipita siku 14, hasa CD4 (kipimo cha kinga ya mwili) ikiwa chini ya 200, choo kipimwe. Asiache dawa!

Mshukiwa mmoja ni kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu. Huja na maji, na ganda lake ni gumu kiasi kwamba klorini tunayotia kwenye jerikeni hakiiogopi. Klorini huua vimelea vya kipindupindu, kwa hiyo tusiiache. Ila maji ya mgonjwa huyu lazima yachemshwe, yawe ya kisima cha Nyalenda, ya mkokoteni au ya mfereji. Yakishatokota kwa nguvu, hesabu dakika moja kamili. Yaache yapoe katika sufuria hiyohiyo iliyofunikwa, kisha yamimine kwenye chombo safi chenye mdomo mwembamba. Mengi huharibikia hapo: mtu anachovya kikombe, au anajazia yasiyochemshwa. Maji hayohayo ndiyo ya kupigia mswaki na kuoshea nyanya za kachumbari.

Kwenye maabara, kipimo cha kawaida cha choo hukikosa kijidudu hiki kwa urahisi. Kinahitaji rangi maalumu, ya jamii ya ile inayotumiwa kutafuta kifua kikuu kwenye makohozi. Daktari akiandika "choo" tu kwenye fomu, jibu hurudi "hakuna kilichoonekana", na mgonjwa hupewa metronidazoli isiyomfaa. Aandike anachokitafuta, na choo kiletwe siku tatu tofauti, kwa kuwa kijidudu hakitoki kila siku.

Rangi hiyo huonyesha pia isospora, kijidudu kingine cha kuharisha, ambacho hutibiwa kwa dawa ya Septrin. Kriptosporidiamu haina dawa ya kutegemewa kwa mwenye kinga ya chini. Hukoma kinga inapopanda, na kinachoipandisha ni ARV zilezile alizotaka kuziacha.

Akisubiri majibu, anywe ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, kila anapotoka chooni. Ikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Macho yakididimia, mkojo ukiadimika au akitapika kila anachokunywa, afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Wahudumu wa afya,
Kisumu