Barua kwa mpwa: Mhindi na Mwafrika katika mgomo mmoja

Mpwa wangu,

Umeniandikia kwamba mafundi wa Kihindi hawatakubali kuingia chama kimoja cha wafanyakazi na vibarua wa Kiafrika, maana Kenya jambo hilo halijapata kutokea. Lilitokea, tena hapo hapo Nairobi.

Mwaka 1935 Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab, alichukua chama cha wafanyakazi wa Kihindi akakifungulia watu wa rangi zote. Mishahara siku zile ilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Fundi Mhindi akigoma, tajiri humtafuta Mwafrika wa ujira mdogo. Mwafrika akigoma, Mhindi huona hayamhusu. Mwaka 1937 mafundi waligoma siku 62, wakapata nyongeza ya mishahara. Lakini waliogoma wengi wao walikuwa Wahindi, na ngazi ile ya rangi ikabaki pale pale.

Ndiyo maana naipenda hatua ya tarehe 1 Mei 1949, vyama vilipoungana katika shirikisho la Afrika Mashariki: Fred Kubai rais, Makhan Singh katibu mkuu. Mwafrika kwenye kiti, Mhindi kwenye kalamu. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh akadai uhuru kamili. Mei 15 wote wawili wakakamatwa, na kesho yake Nairobi ikagoma. Madai yakawa kuachiliwa kwa viongozi, kima cha chini cha shilingi 100 kwa mwezi, na uhuru. Shilingi 100 zile zilianzia kwa aliye chini kabisa. Hapo ndipo vibarua walipojiona.

Mkoloni aliwanasa kwa usajili: aliunyima shirikisho lao, kisha akawashtaki kwa kuongoza chama kisichosajiliwa. Makhan Singh aliachiliwa Oktoba 1961.

Kwa hiyo usianze kuandikisha wanachama kesho. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inataka kwanza cheti cha msajili wa vyama cha kuwaruhusu kuandikisha, na ombi lake litiwe saini na watu wasiopungua wawili. Weka fundi mmoja na kibarua mmoja. Mkishapewa cheti mna miezi sita ya kuomba usajili wa chama chenyewe. Usimchanganye fundi na mwenye kiwanda kwa sababu wote ni Wahindi. Kusanya hati za mshahara za pande zote, uzipange mezani kuanzia ile ndogo kuliko zote, na dai la kwanza liandikwe kutokana na hiyo.

Mjomba wako