Nani aliigawa namba ile yote?

Tukuyu

Mwanangu Atupele,

Marahaba, mama. Huku hatujambo, mvua tu haikatiki. Shangazi yako anapanda basi la Iringa alfajiri, ndiyo maana nakuandikia usiku huu huu.

Swali lako limenifurahisha kuliko maksi zako zote za muhula uliopita. Mwalimu kasema 2,147,483,647 ni namba tasa, nawe ukajiuliza ni nani aliyekaa akaigawa kwa kila namba. Hakuna. Kama ingekuwa na vigawo, kimojawapo kisingezidi kipeuo chake cha pili, na hicho hakifiki 46,341. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni zaidi ya 4,000. Bado ni kazi ya kumchosha mtu mwenye kalamu na wino tu.

Lakini namba hii ina asili yake: ni 2 kwa kipeo cha 31, ukitoa 1. Kwa sababu hiyo, kigawo chake chochote kilicho tasa, ukikigawa kwa 62, yaani 31 mara mbili, lazima kibakize 1. Tena ukikigawa kwa 8, lazima kibakize 1 au 7. Zipitishe zile namba zote kwenye masharti hayo mawili, zitakazobaki hazifiki 100! Ya kwanza ni 311. Igawe uone: inabaki 35. Inafuata 1,303, halafu 1,489, unaendelea hivyo.

Mwaka 1772 Leonhard Euler, Mswisi aliyeishi St. Petersburg kule Urusi, alieleza kwa barua kwamba hakuna hata moja inayoigawa bila baki. Wakati huo alikuwa karibu kipofu kabisa. Mimi huwa nasisimka nikilikumbuka hilo. Mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, alikuwa ameshaitaja namba hii kuwa tasa tangu 1644, ila hakuthibitisha. Na katika orodha yake hiyo hiyo aliweka 2 kwa kipeo cha 67, ukitoa 1, namba ambayo baadaye ilionekana ina vigawo. Ndiyo maana nakusumbua kila siku uonyeshe njia, usiniletee jibu peke yake.

Kompyuta nyingi za zamani huhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970, na namba hii ndiyo kikomo chake. Kwa saa zetu zitakifikia Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi. Utakuwa mtu mzima, pengine wewe ndiye utakayeitwa kuzirekebisha.

Sasa zamu yako. Chukua 2 kwa kipeo cha 13, toa 1, upate 8,191. Tumia masharti yale yale, ila badala ya 62 weka 26. Ukifanya sawasawa utabakiwa na namba moja tu ya kujaribu. Nitumie jibu, na njia yake, kwa mkono wa shangazi akirudi.

Mama yako